Kano ya bega imeshonwa, fizio yuko km 140: wiki hizi nifanye nini na mgonjwa?

MuuguziBonde

Wakuu, naomba msaada wa wenye taaluma. Nipo kwenye zahanati ya kijijini. Nina mgonjwa, mama wa miaka 57, mama lishe, anayetumia mkono wa kulia, na bega lililofanyiwa upasuaji ni hilohilo la kulia. Leo ni siku ya 12 tangu upasuaji wa matundu. Karatasi yake ya kuruhusiwa inasema kano ya supraspinatusi (ya juu ya bega, inayosaidia kunyanyua mkono) ilikatika kabisa, mchaniko wa sm 2.5, ikarudishwa kwenye mfupa kwa nanga 2 (vipini vidogo vya kushikizia uzi kwenye mfupa). Kano ya baisepsi (msuli wa mbele ya mkono wa juu) nayo ilikatwa pale juu ikafungwa upya kwenye mfupa wa mkono. Subskapularisi (kano ya mbele ya bega) ni nzima. Chini kabisa wameandika: "Slingi wiki 6, kisha fiziotherapia." Hakuna kingine.

Ana kisukari, anameza metformini. Fizio (mtaalamu wa mazoezi ya viungo) wa karibu yuko km 140, na nauli anaimudu mara moja kwa mwezi.

Nataka kujua: katika hizi wiki 6 za slingi (kitambaa cha kubebea mkono) akae tu bila kufanya chochote? Alale vipi, maana usiku anakesha ameketi? Nyuzi nitoe lini? Na wiki ya 6 ikifika, hatua zinaendaje mpaka arudi kwenye sufuria zake? Naomba namba, si "aendelee taratibu".

FizioPwani

Umeandika swali vizuri, ndugu. Ukubwa wa mchaniko, idadi ya nanga na habari ya baisepsi ndivyo vinavyoamua mpango wote. Mchaniko wa sm 1 hadi 3 ni wa wastani. Ungekuwa zaidi ya sm 3 ningekushauri uchelewe zaidi, na ungekuwa zaidi ya sm 5 usingemgusa bila daktari aliyeshona.

Kwanza elewa kinachoshikilia hilo bega sasa hivi. Ni uzi na nanga, si kano. Kano haijaota kwenye mfupa. Kwa wiki 6 za mwanzo pale kwenye muungano kuna tishu laini tu, changa, inayovutika. Kufikia wiki ya 12 hivi muungano unaanza kustahimili mzigo mdogo, na ukomavu wenyewe unaendelea hadi mwaka. Kumbe maumivu yanapungua mapema sana kuliko kano inavyopona, mara nyingi wiki ya 4 hadi ya 8. Hapo ndipo watu wanapochomoa kano zao: hawaumwi, wananyanyua sufuria, uzi unakata nyama ya kano kama uzi unavyokata ugali. Mwambie mama huyo maneno hayo leo, na mwambie pia anayeishi naye.

Kwa hiyo hapana, asikae bila kufanya chochote, lakini misuli ya bega lenyewe isifanye kazi. Mkono uchezeshwe na kitu kingine: mkono wa kushoto ulio mzima, uzito wa mkono wenyewe, au wewe.

Slingi avae mchana na usiku, aivue kwa kuoga, kuvaa na mazoezi tu. Kiwiko kikae pembe ya nyuzi 90, kiganja kisining'inie chini ya usawa wa kiwiko, na kitambaa kifike mpaka kwenye kifundo cha mkono. Kama hakupewa slingi yenye mto, kunja taulo au kanga iwe nene kama sm 10 umwekee kati ya kiwiko na mbavu. Mkono ukibanwa kabisa kwenye ubavu, kano iliyoshonwa inavutwa na damu inaifikia kwa shida. Mkanda wa shingoni uhamishie bega la kushoto, na uuwekee kitambaa kilichokunjwa.

Mazoezi ya kuanza leo:

Vidole na kifundo cha mkono: akunje ngumi, afungue, apindishe kifundo juu na chini. Mara 10, kila akikumbuka, zisipungue duru 5 kwa siku.

Kiwiko: hapa uwe mwangalifu kwa sababu ya baisepsi. Asikikunje kwa nguvu yake mwenyewe. Mkono wa kushoto ushike kifundo cha wa kulia, ukunje na kunyoosha hadi mwisho, mara 10, duru 4 hadi 5. Kwa wiki 6 asibebe hata kikombe cha chai kwa mkono huo, asifungue kifuniko cha chupa, asizungushe ufunguo kitasani. Kule kugeuza kiganja juu kwa nguvu ni kazi ya baisepsi, na watu wengi hawalijui hilo.

Kombe la bega, lile pana la mgongoni: akiwa ameketi na slingi yake, avute makombe yote mawili nyuma na chini kana kwamba anayaingiza kwenye mifuko ya nyuma ya suruali. Ashike sekunde 5, aachie. Mara 10, duru 3. Hapandishi mabega masikioni.

Kuning'iniza mkono: ainame, kiganja cha kushoto kikiwa juu ya meza, mkono wa kulia uning'inie wima. Kiuno ndicho kinachoyumba mbele na nyuma, kisha kwa duara, na mkono unafuata wenyewe kama kamba ya ndoo. Duara lisizidi upana wa sm 20. Ukipanuka zaidi, msuli wa supraspinatusi unaamka na kuanza kuvuta uzi. Dakika 1 hadi 2, duru 3, bila kushika kitu chochote. Kosa la kawaida ni mgonjwa kuuzungusha mkono kwa makusudi huku kiuno kimesimama. Mwekee kiganja chako juu ya bega: ukisikia msuli unakaza, anakosea.

Mazoezi ya kunyanyuliwa mkono ningeyaanza wiki ya 3, kwa sababu ana kisukari na mabega ya wenye kisukari huganda haraka. Mpigie kwanza daktari aliyeshona umuulize akubali, kwa kuwa ameiona kano kwa macho na anajua kama nyama yake ilikuwa imara au imechakaa. Akikubali: alale chali, mkono wa kushoto ushike wa kulia chini kidogo ya kiwiko, uunyanyue kuelekea dari. Mwisho nyuzi 90 hadi wiki ya 4, nyuzi 120 kufikia wiki ya 6. Kisha mpini wa fagio: kiwiko cha kulia kikiwa ubavuni juu ya kanga iliyokunjwa, mkono wa kushoto usukume mpini ili kiganja cha kulia kielekee nje, mwisho nyuzi 30. Mara 10 kila moja, duru 2 hadi 3. Ile kanga chini ya kiwiko ni ya lazima. Bila hiyo kiwiko kinazama nyuma ya mwili na kano inanyooshwa.

Makatazo mpaka wiki ya 6: kupeleka mkono nyuma ya mgongo (kufunga sidiria, kujifunga kanga kwa nyuma), kujiinua kitandani kwa kuegemea mkono huo, na kujaribu "nione kama unapanda".

Kulala: si chali bapa. Mgongo uinuke nyuzi 30 hadi 45. Kama hana mito ya kutosha, pindua kiti uweke kichwani mwa kitanda, miguu ikielekea ukuta na mgongo wa kiti ukiwa mteremko, kisha tandika godoro au mablanketi juu yake. Mto mwingine uwe chini ya kiwiko na mkono. Kipimo chake ni rahisi: akiangalia upande bila kuinua kichwa, akione kiwiko chake. Asipokiona, kimezama nyuma, na ndiyo maana anakesha.

DktMifupa

Nakubaliana na Fizio. Naongeza upande wa kidonda na dawa.

Nyuzi hutolewa siku ya 10 hadi 14, na kwa mwenye kisukari ningengoja ya 14, kwa hiyo una siku 2. Kagua kila tundu, nayo kwa kawaida ni 3 hadi 5. Kwapa ndilo linalosahaulika. Kwenye joto, jasho linakaa hapo wiki nzima na ngozi inachubuka. Ainame kama kwenye zoezi la kuning'iniza, mkono ujitenge na mwili wenyewe, umsafishe kwa kitambaa chenye sabuni na umkaushe kabisa. Poda isifike kwenye vidonda.

Uvimbe wa vidole na alama za damu kuvilia zinazoshuka hadi kiwikoni ni kawaida. Barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, dakika 15 hadi 20, mara 3 au 4 kwa siku, inasaidia kwa wiki 2 za mwanzo. Kama hakuna barafu, kitambaa kilicholowekwa maji ya mtungini kinafaa, ila kidonda kikiwa kimefunikwa na nailoni. Ganzi ya kidole kidogo na cha pete mara nyingi hutokana na kiwiko kukunjwa saa 24. Neva inayopita nyuma ya kiwiko inabanwa. Anyooshe kiwiko kwa msaada wa mkono wa pili kila saa moja mchana, na uangalie ukingo wa slingi usikandamize pale.

Dawa: parasetamoli g 1 kila baada ya saa 6, isizidi g 4 kwa siku, na kama ana uzito chini ya kilo 50 punguza. Dozi moja iangukie dakika 30 hadi 45 kabla ya mazoezi, nyingine kabla ya kulala. Diklofenaki na ibuprofeni usizitoe kwa mazoea. Kwenye majaribio ya wanyama zimeonekana kuchelewesha kano kushika mfupa, na madaktari hatuna msimamo mmoja kwa binadamu, lakini kwa mama wa miaka 57 mwenye kisukari figo peke yake ni sababu ya kutosha kuziepuka. Na mtu yeyote asimchome sindano ya steroidi kwenye bega hilo katika wiki hizi, hata akilalamika vipi. Inafungulia njia maambukizi.

Sukari yake ipime sasa, na kile kipimo cha wastani wa sukari wa miezi 3 (HbA1c) kikipatikana afanye. Sukari ikiwa juu kila kitu kinachelewa: ngozi, kano na kulegea kwa bega. Uliza pia kama anatumia tumbaku, na uliza ugoro kwa jina lake, kwa sababu akina mama wengi wakiulizwa "unavuta?" watasema hapana kwa haki kabisa. Nikotini inabana mishipa midogo ya damu kwa njia yoyote inayoingilia.

Jambo ambalo zahanati nyingi zinalikosea: maambukizi ya bega si lazima yaje na homa na usaha wa kuruka. Kuna bakteria wa ngozi ya kwapa na bega, Kutibakteriamu akne, anayekua polepole sana. Dalili yake ni tundu linalotoa majimaji wiki ya 3 au ya 4, au maumivu yaliyokuwa yamepoa kisha yakarudi, bila homa yoyote. Ukiona hivyo usimpe antibayotiki "tuone". Ukimpa, sampuli ya maabara itatoka safi wakati mdudu yumo. Mrudishe kwa aliyemfanyia upasuaji achukuliwe sampuli kwanza, na maabara waambiwe waiache ioteshwe siku 14, maana wakiitupa siku ya 5 hawatamwona. Tofauti ni mgonjwa aliyezidiwa, mwenye homa kali au presha iliyoshuka. Huyo ni dharura, dawa zianze na apelekwe haraka.

Apelekwe siku ileile pia akipata: kupumua kwa shida, maumivu ya kifua, au mguu au mkono mzima uliovimba na kukaza.

BintiMjengo

Naweka la nyumbani maana wataalamu mmeliruka. Kama ni Mwislamu, mwambie aswali ameketi kwenye kiti, aashirie rukuu na sijida kwa kuinama. Mgonjwa ameruhusiwa, hana haja ya kujitesa. Sijida inaweka uzito wa mwili kwenye viganja, na kuinuka kutoka kwenye mkeka ndiko kubaya zaidi, kwa sababu mtu akiyumba anajitegemeza kwa mkono wowote ulio karibu. Kwa hiyohiyo, miezi hii asikae chini kabisa, hata kupepeta mchele. Akae kwenye kiti kirefu au kitanda, magoti yasiwe juu ya kiuno, ainuke kwa kusukuma na mkono wa kushoto. Udhu atiliwe maji, na mkono wa kulia uoshwe ukiwa umetulia ubavuni.

Kuvaa: mkono mgonjwa unaingia wa kwanza na kutoka wa mwisho. Dera pana au shati la vifungo mbele. Nguo ya kupitishia kichwani iliyobana isahaulike kwanza. Nywele asukwe na mtu mwingine, akiwa ameketi na mgongo umeegemea.

Usafiri nao. Kwenye daladala au matatu asisimame, kwa sababu breki moja tu na mkono unarukia bomba la juu bila kufikiri. Akae kiti cha dirishani, bega bovu likiwa upande wa dirisha, hapo hapitiwi na mizigo ya watu. Bodaboda asipande kabisa mpaka slingi itoke na mkono uwe na nguvu ya kujishika. Na slingi aivae safarini hata wiki ya 7 na ya 8, maana watu wakiiona wanampisha.

MuuguziBonde

Asanteni sana, nimechapisha haya yote. Sasa mambo mawili yamejitokeza. La kwanza, nimegundua kuna mzee anakuja nyumbani kwake kumchua, anamkanda kwa maji ya moto na kuuvuta mkono "ushipa urudi". Ameshakuja mara mbili. La pili, nitajuaje kano imechomoka tena? Na baada ya wiki ya 6 bado naomba hatua na namba, hasa lini atasonga ugali wa watu 40.

FizioPwani

Huyo mzee mzuie leo, kwa heshima. Usimwambie kazi yake haifai, hatakusikiliza, wala mama hatakusikiliza. Mwambie ndani ya bega kuna nyuzi zilizofungwa kwenye mfupa, na hakuna ushipa wa kurudisha. Mpe kazi nyingine: anaweza kukanda shingo na misuli kati ya shingo na kombe la bega, ambayo kweli inakaza kwa sababu ya slingi, kwa vidole, bila kuugusa mkono. Maji ya moto kwenye bega yanaongeza uvimbe wiki hizi, na kidonda kikilowa ni hatari nyingine. Joto la kitambaa cha uvuguvugu kabla ya mazoezi linafaa baada ya wiki ya 6.

Kwa kuwa ameshavutwa mara mbili, mwarifu daktari wake. Wewe usijaribu kupima nguvu ya bega sasa, yaani usimwambie "nyanyua nikuone". Kunyanyua mwenyewe ni kuanzia wiki ya 8, na kupima nguvu ni wiki ya 12.

Kuhusu kuchomoka. Mara nyingi hutokea miezi 3 hadi 6 ya mwanzo, na mara nyingi bila mlio na bila maumivu makali, kwa hiyo usingoje kelele. Tenganisha mambo mawili. Mlaze chali, unyanyue wewe mkono wake ukiwa umelegea. Kisha, kuanzia wiki ya 8, mwambie anyanyue mwenyewe. Ukikwama wewe na akakwama yeye pale pale, bega limeganda. Ukifika juu vizuri wewe, yeye akashindwa, ni udhaifu, au kano imechomoka, au neva. Udhaifu wa kawaida hupungua wiki kwa wiki. Wa kano iliyochomoka haupungui, au unakuja ghafla baada ya tukio: aliteleza, alivuta ndoo, alidaka mtoto. Hapo ndipo pa ultrasaundi kwa mtu aliyezoea mabega. Picha ya kabla ya miezi 3 inaweza kuonekana mbaya hata kwa kano inayopona salama, kwa hiyo isimwogopeshe mtu peke yake bila dalili.

Bega likiganda, usiogope kama linavyoogopwa. Ukiona wiki ya 6 kiganja hakiendi nje hata nyuzi 10, au ukimnyanyua unakwama chini ya nyuzi 100, ongeza idadi ya duru ziwe 5 au 6 za dakika 5. Usiongeze nguvu. Kuganda kwingi hulegea ndani ya miezi 6 hadi 12. Kano iliyochomoka hairudi yenyewe. Ukilazimika kukosea, kosea upande wa kuganda.

Sasa wiki ya 6 hadi ya 12. Slingi aivue ndani ya nyumba kwanza, kwa muda wa saa mbili kila asubuhi na muda wa saa mbili kila jioni, aongeze kila siku mpaka siku ya 7 au ya 10 iwe imetoka. Mazoezi yanabadilika kutoka kunyanyuliwa kwenda kusaidiwa. Alale chali, ashike mpini wa fagio kwa mikono miwili, wa kushoto ukifanya kazi zaidi, apeleke juu ya kichwa. Akiwa ameketi, aweke kiganja juu ya kitambaa mezani akiteleze mbele huku anainama. Kamba ya kupitisha juu ya mlango ni nzuri lakini si kabla ya wiki ya 6, kwa sababu inaamsha misuli kuliko inavyoonekana. Mara 10 hadi 15, duru 3.

Wiki ya 8, akinyanyua kwa msaada bila maumivu, aanze mwenyewe: chali, kiwiko kikiwa kimekunjwa ili mkono uwe mfupi na mwepesi, kisha kikiwa kimenyooka. Akifanya mara 15 vizuri, muinue mgongo nyuzi 30, kisha 45, kisha aketi. Ishara ya kusimama ni bega kupanda kuelekea sikio. Likipanda, rudi ngazi moja chini. Watu wanaopuuza hili hujifunza kunyanyua kwa shingo, na kulisahaulisha inachukua miezi. Chukua video ya sekunde 20 kutoka nyuma, akiwa amevaa nguo inayoonyesha makombe ya mabega, umtumie fizio kwa WhatsApp. Video ya mbele haionyeshi kitu. Mkono nyuma ya mgongo uanze wiki ya 10, kwa kuteleza tu kwenye kiuno, bila kuvutwa na taulo.

Kikombe, kijiko, kukunja nguo mezani: ruksa baada ya wiki ya 6 hadi 8, kiwiko kikiwa karibu na ubavu.

Wiki ya 10 aanze kusukuma ukuta bila mkono kusogea: kiwiko ubavuni, ngumi ukutani kwa mbele, kwa pembeni, kisha kwa nyuma kiwiko ndicho kinachosukuma. Nguvu robo tu ya aliyo nayo, sekunde 5, mara 10. Wiki ya 12, kama mkono unapanda bila bega kupanda, aanze mpira. Watu huku wanakata tyubu ya baiskeli, na inafaa, ila kata ukanda mwembamba wa sm 2 na urefu wa m 1.5. Ukanda mpana ni mgumu kuliko anavyodhani. Funga kwenye nondo ya dirisha kwa usawa wa kiwiko, taulo iliyokunjwa iwe kwapani ili kiwiko kisitoke. Avute kwenda nje, kisha kwenda ndani, kisha avute nyuma kama anayepiga makasia. Duru 2 za mara 10, siku moja afanye, siku moja apumzike. Akifikia duru 3 za mara 15 na kesho yake asubuhi bega halina kinyongo, ongeza ugumu kidogo. Maumivu ya 3 kwa 10 wakati wa zoezi yanakubalika kama yametulia kabla ya kesho. Yakimwamsha usiku, rudi nyuma wiki moja. Chupa ya maji ya ml 500 ni nusu kilo, na inatosha mpaka mwezi wa 4.

Asinyanyue uzito mkono ukiwa pembeni na kidole gumba kimeelekezwa chini. Zoezi hilo bado linafundishwa na linabana kano ileile iliyoshonwa.

Sufuria zake: kukatakata mboga kwenye meza ya usawa wa kiuno, mwezi wa 3. Chapati mwezi wa 4, akisukuma na mikono miwili na meza isiwe juu. Kusonga ugali wa nyumbani, mwezi wa 4 hadi wa 5. Ugali wa watu 40 ni kazi nyingine kabisa, maana unasukuma na kuzungusha mwiko dhidi ya donge zito, mikono ikiwa mbali na mwili. Mwezi wa 6, na sufuria iwe chini ya usawa wa kiuno chake. Jiko lililoinuliwa juu ya matofali lishushwe. Mbuzi ya kukunia nazi mwezi wa 5. Ndoo ya lita 20 ni kilo 20: kuibeba kwa mkono mwezi wa 6, na kuitwisha kichwani ni kitu cha mwisho kabisa. Hata baadaye, atwishwe.

DktMifupa

Nina tofauti ndogo na Fizio, na ni vizuri isomwe. Wapo wanaomwanzishia mgonjwa mazoezi ya kunyanyuliwa siku ya 2, na wapo wanaongoja wiki ya 6. Kwa mchaniko mdogo na wa wastani, anayeanza mapema huwa na bega linalosogea vizuri zaidi miezi ya mwanzo, na kufikia mwaka tofauti inapotea. Kwa mchaniko mkubwa, kuanza mapema kunaongeza kuchomoka. Kwa mama huyu wiki ya 3 ni sawa mchaniko ukiwa kweli ni sm 2.5. Lakini kwa sababu alivutwa mara mbili na yule mchuaji, mimi ningesogeza hadi mwisho wa wiki ya 4. Kuning'iniza, kiwiko na vidole viendelee.

MuuguziBonde

Nimempigia daktari wake, naye amesema wiki ya 4. Nyuzi natoa keshokutwa. Sukari ya leo kabla ya kula ni 11.2 mmol/L, nimemwita kesho turekebishe. Ugoro anatumia, kama ulivyosema Dkt, na alikuwa hajaulizwa. Mzee wa kuchua amekubali shingo tu.

FizioPwani

Hiyo 11.2 ishughulikie kabla ya jambo lingine lolote. Mwandikie daftari la safu 4: tarehe, nyuzi za kunyanyuliwa akiwa chali, nyuzi za kiganja kwenda nje, na saa alizolala. Kama huna kipimo cha pembe, ile programu ya simu ya kupimia usawa, ya mafundi, inatosha: ilaze simu kwenye mkono wa juu ili kupima kunyanyua, na kwa kiganja kwenda nje kadiria pembe kwa macho ukiwa umesimama kichwani kwake. Jaza kila Jumatatu, akienda kwa fizio aende nalo.